Swali la Kiswahili, Jibu la Kiswahili: Kisa cha mafunzo ya utafiti wa lugha upande wa Vunjo, Moshi

Kisa hiki kinahusu wanafunzi 4 wa uzamili wa isimu na siku 12 walizokaa uwandani, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, upande wa Vunjo. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wao. Majina ya chuo, ya kijiji na ya watu wote nimeyaondoa, na mambo machache ya kifamilia nimeyabadili ili wenyeji wetu wasitambulike. Wanafunzi nitawaita A, B, C na D.

Usuli

Wote wanne walikuwa wamefaulu vizuri darasani. Waliweza kuchora matawi ya sentensi, kuchanganua mofimu, yaani vipande vidogo vya neno vyenye maana, kwa Kanuni za Leipzig, utaratibu wa kuandika maelezo ya kila mofimu, na kueleza tofauti ya hojaji na usaili bila kupepesa macho. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa mbele ya mzungumzaji wa lugha asiyoijua, akamuuliza, akasikiliza, akaandika. Mbinu za utafiti kwetu hufundishwa kama somo la kufanyia mtihani. Mwanafunzi anajua sura ya tatu ya tasnifu inavyopangwa kabla hajashika kinasa sauti.

A alitoka Kagera na lugha yake ya kwanza ni Kihaya. B alikulia Dar es Salaam, na lugha aliyolelewa nayo ni Kiswahili tu. C ni Msukuma. D alizaliwa Moshi mjini kwa wazazi wa Machame. Kimachame anakielewa lakini hujibu kwa Kiswahili, kama vijana wengi wa mjini. Tulipokuwa tunapanga safari kila mtu alidhani D atakuwa mkalimani wetu. Siku ya kwanza tu kule juu alisimama kati ya akina mama wawili wanaozungumza, akanigeukia na kuniambia, "Mwalimu, nashika neno mojamoja." Kichaga ni jina la kundi la lugha, wala si lugha moja. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu wa Guthrie liko kwenye E60, na mtu wa Machame akikutana na wa Vunjo au wa Rombo mara nyingi wote huhamia Kiswahili. Hilo lilikuwa kwenye vitabu walivyosoma. Halikuwa limewaingia.

Mada niliyowapa ni kauli ya kutendea, na sababu yake inaonekana kwa urahisi ukianzia Kiswahili. Tunasema "Mama amempikia mtoto chakula". Tukigeuza kuwa kauli ya kutendwa tunapata "Mtoto amepikiwa chakula na mama". Lakini "Chakula kimepikiwa mtoto na mama" masikio yetu yanakataa. Tena kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi kimoja tu cha yambwa, yaani mtendwa au mtendewa: "amempikia" ni sawa, "amekimpikia" si Kiswahili. Joan Bresnan na Lioba Moshi walionyesha mwaka 1990 kwamba Kivunjo, Kichaga cha upande wa Vunjo, hakina mipaka hiyo. Yambwa zote mbili zina haki sawa: yoyote kati yake inaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa, na zote mbili zinaweza kuingia ndani ya kitenzi kwa wakati mmoja.

Makala hiyo niliamua wasiisome kabla ya kwenda. Nilitaka waikute lugha yenyewe kwanza, kisha walinganishe walichopata na kilichoandikwa. Mwalimu mwenzangu alinipinga waziwazi. Alisema kumpeleka mtu uwandani bila kusoma ni kumpeleka sokoni bila hela. Nitarudi kwenye hoja yake.

Siku tano za mwanzo

Siku mbili nzima ziliishia kwenye barua: ya chuo, ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Wilaya, kisha kwa Mtendaji wa Kata na mwisho Mtendaji wa Kijiji. Wanafunzi walinung'unika. Niliwaambia wahesabu siku hizo kama sehemu ya utafiti, kwa sababu njia unayoingilia kijijini ndiyo inayoamua utaongea na nani. Mtendaji alitupokea vizuri na kutupeleka moja kwa moja kwa mtu aliyemwona anafaa kwa wageni wa chuo kikuu: mwalimu mstaafu, mzee mwenye heshima, aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka mingi. Nitamwita Mwalimu.

Tulikaa barazani kwake, kihamba kikianzia hatua chache kutoka kwenye viti, migomba na kahawa pamoja. Ulikuwa mwezi wa saba na ukungu haukuondoka hadi saa tano. B ndiye aliyeshika hojaji, sentensi 60 za Kiswahili zilizochapwa vizuri. Alisoma moja, akasubiri. Mwalimu alifumba macho, akahesabu maneno kwa vidole, kisha akatoa sentensi ya Kivunjo yenye idadi ileile ya maneno, kwa mpangilio uleule. Alifanya hivyo siku tatu kwa uvumilivu mkubwa. Akiona B ameandika haraka mno, alikuwa akimwambia, "Polepole mwanangu, nitarudia."

Palipofika sentensi za kupima, B aliuliza, "Mwalimu, je, mnaweza kusema 'Chakula kimepikiwa mtoto'?" Mwalimu akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo si sahihi." B akaweka kinyota mbele ya sentensi, alama yetu ya kitu kisichokubalika katika lugha.

Jioni ya siku ya tano waliniletea jedwali. Hitimisho lao lilikuwa kwamba katika kauli ya kutendea, Kivunjo kinafanya kazi sawa na Kiswahili. Jedwali lilikuwa safi, mifano ina namba, kila mofimu ina maelezo yake. Kama ningekuwa nasahihisha karatasi tu, ningewapa alama nzuri.

Sauti kutoka jikoni

Nilijua hitimisho si sahihi, na ningeweza kusema. Nilinyamaza. Niliwaomba kila mmoja achukue dakika 10 za rekodi na kuzinukuu upya kwa kusikiliza, bila kuangalia hojaji. Kwa mtu anayeanza, dakika moja ya sauti inaweza kula saa nzima, kwa hiyo walipewa siku yote ya sita.

Alikuwa A aliyekuja kunigonga begani na vipokea sauti mkononi. Nyuma ya jibu la Mwalimu, kwa mbali, palikuwa na sauti ya mwanamke. Ni bibi wa nyumba ile, mama mzazi wa mke wa Mwalimu, aliyekuwa jikoni na wajukuu. B alikuwa ameshaandika pembeni mwa rekodi hiyo, "kelele, ikatwe." A alikuwa ameirudia mara nyingi na kuandika alichosikia:

naikimlyiia

Naiandika hapa bila alama za toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maana. A aliikata kipande kwa kipande mbele yetu. N- ya mwanzo, inayoweka msisitizo. -a- ya kiima, mtu mmoja. -i- ya wakati uliopo. -ki-, kitu cha ngeli ya chakula, ambacho kwa Kivunjo ni kelya. -m-, mtu. -lyi-, mzizi wa kula. -i- ya kutendea. -a ya mwisho. Mofimu nane. "Anakila, na anamfanyia mtu fulani," alisema A. "Kuna ki na kuna m, zote zimo ndani."

C alimuuliza amejuaje mahali pa kukata. A alijibu kwamba kwao kula ni okulya, kwa hiyo mzizi aliutambua. Na kwamba Kihaya nacho huruhusu yambwa zaidi ya moja ndani ya kitenzi, kwa hiyo halikumshangaza. Nilimuuliza kwa nini hakusema lolote siku zote tatu tulipokuwa tunajaza hojaji. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nilidhani Kihaya hakihusiki. Hojaji ilikuwa ya Kiswahili."

Uamuzi tuliofanya, na sababu zake

Wa kwanza ulihusu rekodi yenyewe. Bibi hakuwa ametoa ridhaa. Kinasa sauti kiliwashwa kwa ajili ya Mwalimu, naye peke yake ndiye aliyesomewa fomu na kukubali. B na C waliona hakuna tatizo, kwani ni neno moja tu na jina halitajwi. Nilikataa. Neno limetoka ndani ya jiko la mtu, limemlenga mtoto mdogo, na aliyelisema hakujua kwamba anasikilizwa. Tulikubaliana kwamba hadi tutakapomuuliza, neno hilo halipo kwenye data.

Asubuhi ya siku ya saba tulienda jikoni badala ya barazani. "Shikamoo Bibi." "Marahaba wajukuu zangu, karibuni moto." A alimchezea kipande kile, akamweleza kilivyopatikana, akamwomba radhi. Bibi alisikiliza sauti yake mwenyewe akiwa ameweka mkono mdomoni. Kisha akaeleza: kaka mtu alikuwa amemaliza chakula chake na kuhamia sahani ya mdogo wake. Alikuwa anamlia chakula chake, kama tunavyosema kwa Kiswahili mtu "amenilia hela zangu". Alikubali tutumie, kwa sharti kwamba majina ya watoto yasitoke. Hakuna aliyemwekea kidole kwenye wino. Ridhaa yake tuliirekodi kwa sauti, kwa maneno yake.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuiweka hojaji pembeni. Hatukuitupa. Tuliandika juu ya kila sentensi ya siku tatu zile namna ilivyopatikana: "tafsiri kutoka Kiswahili, msomi, ameombwa neno kwa neno". Data iliyopatikana kwa njia dhaifu bado ni data, mradi anayeisoma aambiwe njia.

Badala yake tulitumia vitu. Sahani, kikombe, ndizi mbichi, mtungi wa maji. Kiambishi cha yambwa huja pale kitu kinapokuwa kimeshajulikana kwa wanaozungumza, na hojaji haijui hilo, kwa sababu kila sentensi yake huanza upya kana kwamba hakuna kilichosemwa kabla. Sahani ikiwa mezani na mtoto amesimama pale, mtu hana haja ya kutaja chakula wala mtoto. Mjukuu mkubwa wa Bibi alikubali kuwa muulizaji, kwa Kivunjo, huku sisi tukikaa pembeni bila kufungua mdomo. Alimuuliza Bibi chakula kimefanywaje, mtoto amefanyiwa nini, nani kafanya. Zaidi ya hapo tuliwaomba akina mama watatu watueleze wanavyotengeneza mbege, kuanzia kupika ndizi mbivu, kimea cha ulezi, hadi magome ya msesewe yanayotia uchungu. Pombe hupikiwa mtu, hupelekwa kwa mtu, humiminiwa mtu. Kauli ya kutendea ilijaa kwenye simulizi hizo bila mtu kuiomba.

Wa tatu ulikuwa mgumu kuliko yote. Mwalimu aliona tumehama kutoka barazani kwake kwenda jikoni, na aliumia. Hakusema. Siku ya nane tulipopita kumsalimia alitujibu kifupi na kuendelea kukata majani ya ng'ombe. Hapo nilikuwa nimekosea mimi: nilikuwa nimepanga mambo ya kitaaluma na kusahau kwamba mtu aliyetupa siku tatu za maisha yake anastahili kuelezwa. Nilikwenda jioni peke yangu, nikakaa naye, nikamweleza kwamba maswali yetu ndiyo yaliyokuwa mabaya, si majibu yake. Nikamwomba atusaidie kunukuu rekodi za Bibi. Alikubali palepale.

Matokeo

Kufikia siku ya kumi na moja wanafunzi walikuwa na mifano mingi ya viambishi viwili vya yambwa ndani ya kitenzi kimoja, kutoka kwa wazungumzaji wanne, na mifano ya kauli ya kutendwa ambamo chakula ndicho kiima na mingine ambamo mtu ndiye kiima. Ndipo nilipowapa makala ya 1990. C aliisoma akiwa amesimama.

Mwalimu alikuwa hodari wa kunukuu kuliko sisi sote. Alimsikiliza Bibi, akamrudia polepole silabi kwa silabi, akaeleza maneno ambayo hata mjukuu hakuyajua. Lakini alisahihisha. Bibi akitumia neno la Kiswahili katikati, Mwalimu aliliondoa na kuweka la Kivunjo. Bibi akikatisha sentensi, yeye aliimalizia. Kwa hiyo katika ELAN, programu tuliyotumia kulinganisha sauti na maandishi, tulifungua mistari miwili: wa juu, kilichosikika, wa chini, Mwalimu anavyoona kingesemwa. Mstari wa chini umekuwa hazina yake yenyewe, na D ameuchukua kuwa msingi wa tasnifu yake, kuhusu kile wazungumzaji wasomi wanachokiona kuwa Kivunjo safi.

Hasara zilikuwepo pia. Rekodi mbili za C hazifai kwa lolote, maana alirekodi ndani ya nyumba ya bati mvua ikinyesha. Na siku ya tisa tuligundua kwamba mmoja wa akina mama wa mbege alizaliwa na kukulia Rombo, akaolewa Vunjo akiwa mtu mzima. Alipoulizwa mwanzoni kama anaongea lugha ya hapo alijibu ndiyo, na ni kweli anaiongea. Hakuna aliyemuuliza amezaliwa wapi, mama yake alitoka wapi, na nyumbani kwake watoto huongea nini. Rekodi yake tumeiweka kando.

Uchambuzi

Kosa la hojaji halikuwa kwamba ilikuwa mbaya kimaandishi. Irudie ile picha ya B na Mwalimu. B anauliza kama "mnaweza kusema 'Chakula kimepikiwa mtoto'". Mwalimu anasema si sahihi. Ni sentensi ipi aliyoikataa? Aliyoisikia ni ya Kiswahili, na mbele yake amekaa mgeni aliyeishika karatasi kama mtihani, na kazi yake maisha yote imekuwa kusahihisha Kiswahili. Aliikataa sentensi ya Kiswahili, na alikuwa sahihi kabisa. Kinyota kikaenda kuwekwa kwenye Kivunjo. Ukimwuliza mtu kwa lugha moja juu ya lugha nyingine bila kumtengenezea hali ya kuisema, anachopima ni swali lako.

Kuna jambo jingine lililo ndani zaidi. Hojaji ya Kiswahili isingeweza kamwe kuuliza juu ya naikimlyiia, kwa sababu Kiswahili hakina umbo la kuulizia. "Anakimlia" hakuna. Kisichoweza kutamkwa katika lugha ya swali hakikuwa na mlango wa kuingilia kwenye jedwali, hata tungejaza sentensi 600.

Ukimya wa A unaniuma zaidi ya yote. Mwanafunzi huyu alikuja na kifaa ambacho sisi wengine hatukuwa nacho: lugha ya nyumbani yenye tabia ileile tuliyokuwa tunaitafuta. Akakiacha mlangoni, maana tangu shule ya msingi amefundishwa kwamba kilugha cha nyumbani hakina kazi darasani. Sisi walimu wa isimu tunaimba juu ya thamani ya lugha zetu, kisha tunaandaa mafunzo ambayo mlinganisho pekee ndani yake ni Kiswahili na Kiingereza. Sasa, kabla ya kutoka chuoni, kila mwanafunzi wangu anaandika kurasa mbili juu ya mada ileile katika lugha aliyolelewa nayo. B, ambaye lugha yake ni Kiswahili, naye anaandika: Kiswahili cha kwao Dar, si cha kitabuni.

Kuhusu makala niliyowaficha, mwenzangu na mimi bado hatujaafikiana. Naona kama wangeisoma mapema, wangeenda kutafuta mifano ya kuithibitisha na wangeipata hata kwa Mwalimu, kwa kumsukuma. Yeye anasema kwamba siku tatu za mwenyeji mwenye umri ule si zetu za kuzitumia kufundishia makosa, na hapo sina jibu la kumpa. Mwaka uliofuata niliwapa wanafunzi waliokuja usomaji wote isipokuwa sehemu ya mifano, lakini sina hakika kama huo ni uamuzi au ni kukwepa.

Kilichofaulu bila shaka ni kunukuu mapema. Tungesubiri kurudi chuoni, neno la Bibi lingekatwa kama kelele na B, aliyekuwa na nia njema kabisa. Rekodi tulizoziweka kwa WAV, yaani bila kubanwa, zilikuwa nzito, zaidi ya megabaiti 600 kwa saa moja ya stereo, na wanafunzi walitaka kutumia simu na mafaili yaliyobanwa ili kuokoa nafasi. Sauti ya jikoni, iliyo mbali na maikrofoni, isingesikika vizuri kiasi cha kukatwa mofimu nane.

Tulikoshindwa moja kwa moja ni kwenye toni. Kivunjo ni lugha ya toni, na katika ratiba yangu nilikuwa nimetenga nusu siku. B na C hawakuwa wamezoea kuandika toni, na A na D walizisikia bila kujua waziandikeje. Data yetu yote ya siku 12 haina alama za toni zinazoaminika, na hilo ni pengo ambalo mimi ndiye niliyepaswa kulizuia.

Siku ya mwisho tulikwenda kuaga. Mwalimu alitusindikiza hadi barabarani, akiwa na mkungu wa ndizi aliotaka tuupeleke mjini. Njiani D alimuuliza, kwa kupitisha tu muda, anatofautishaje maneno mawili ambayo sisi tuliyaandika sawasawa. Mwalimu akasimama, akaweka mkungu chini. Akapiga mluzi neno la kwanza, kisha la pili, bila kutamka hata herufi moja, na tofauti ilisikika wazi kwa kila mmoja wetu, hata kwangu. Akarudia. Vinasa sauti vyote vilikuwa vimeshafungwa ndani ya mabegi, na gari la Himo lilikuwa linapiga honi.